Sanduku Lililopenda Wageni

Siku yangu ya mwisho kazini, Ekai, ambaye sasa anakalia kiti changu pale karakanani, aliniomba niwaandikie yale niliyojifunza. Ekai ana tabia ya kuomba kitu mara moja tu kisha akanyamaza mpaka mtu aone haya mwenyewe. Basi naandika. Habari za vyeo mtanisamehe, kwa sababu karakana yetu ilikuwa na vyeo viwili tu: waliofika kabla ya chai na waliofika baada ya chai. Nitasema juu ya kazi yenyewe, na juu ya Mzee Guyo aliyenifundisha, maana wengi wenu mmeingia yeye ameshatoka na mnalijua jina lake kwa kulisoma juu ya mafaili.

Kazi yetu mnaijua, lakini huenda karatasi hii ikasomwa na shangazi ya mtu, kwa hiyo nieleze. Tunatengeneza masanduku ya kuendesha pampu za visima kwa nguvu ya jua. Ndani ya sanduku mna bodi, juu ya bodi kuna chipu, na ndani ya chipu inaishi programu kubwa iitwayo kerneli, ambayo ndiyo msimamizi wa vifaa vyote. Kerneli hiyo haikuandikwa Isiolo. Imeandikwa na watu wa dunia nzima, na uzuri wake sijauchoka mpaka leo. Ila ikiamka ndani ya sanduku kule porini haijui pampu imefungwa upande gani wala kipima maji kiko wapi. Lazima iambiwe. Maelezo hayo tunayaandika katika kile tunachokiita mti wa vifaa, kwa kuwa kila kifaa kina mzazi wake, na mzazi naye ana mzazi, mpaka unafika shinani. Kisha kuna madereva, yaani programu ndogo zinazojua kukiendesha kila kifaa. Mimi nilikuwa mtu wa mti na madereva wa saa.

Saa zenyewe si za kukuambia kama adhuhuri imefika. Ni mapigo. Kila sehemu ya chipu hufanya kazi kwa mapigo, kama wanawake wanaotwanga kinu kimoja: mdundo ukikatika, michi yote inasimama hewani. Chipu moja ina saa nyingi, moja inatoka kwa nyingine, na kila moja ina mlango wake wa kufunguliwa na kufungwa. Dereva wa saa ndiye anayeshika funguo za milango hiyo. Ukiacha milango yote wazi, betri inaliwa bure. Ukifunga mmoja usiopaswa kufungwa, kuna kifaa kitakachokufa kimya kimya bila hata kulalamika.

Nilifika Bulla Pesa, mtaa wa Isiolo, nikitoka Meru, ambako nilikuwa nimetengeneza redio za mawasiliano za serikali mpaka redio zenyewe zikapitwa na wakati. Karakana ilikuwa nyuma ya duka la nyasi za mifugo, na vumbi la nyasi liliingia kwenye feni za kompyuta mpaka zikawa zinakohoa. Mzee Guyo nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, kofia nyeupe kichwani, miwani imefungwa mkono mmoja kwa waya wa shaba. Akanipa bodi mkononi.

"Karibu, Mama Mwenda. Hii usiwashe."

"Sasa nifanye nayo nini, Mzee?"

"Uliza kila mmoja hapo anakunywa wapi."

Nikadhani ananitania. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba hiyo ndiyo ilikuwa shule yake yote. Ukimletea kifaa kipya, hakuuliza kinafanya nini. Aliuliza kinakunywa wapi, yaani umeme wake unatoka kwa nani na mapigo yake kinayapata kwa saa ipi. Baba yake alikuwa aba herega, yule ambaye Waborana humchagua kupanga zamu za kunywesha kisimani. Pale hakuna mnyama anayeteremka kwenye birika la kunyweshea mpaka ijulikane ni wa nani na zamu yake ni ipi. Mzee Guyo alikulia kwenye shughuli hiyo, na siku aliyoifungua kerneli kwa mara ya kwanza, aliniambia, aliona mambo ya nyumbani kwao yameandikwa kwa lugha ngeni.

Wakati huo mafaili yetu yalikuwa aibu tupu. Kila sanduku jipya lilipotengenezwa, mtu alinakili faili la sanduku la zamani lote, akabadilisha mistari kidogo, akalipa jina la kisima. Kosa la Garba Tula lilihamia Burat, na likisharekebishwa Burat lilibaki Garba Tula likitusubiri. Mzee Guyo alisema hiyo ni kama ndugu wa tumbo moja kila mmoja kuwa na nyanya yake mwenyewe. Tukayapanga upya msimu mmoja wa mvua, barabara zikiwa zimekatika na hakuna aliyeweza kututuma popote. Yale yanayohusu chipu tukayaweka katika faili la chini kabisa, moja kwa wote. Yanayohusu bodi yakakaa juu yake. Ya kisima fulani yakawa kijikaratasi kidogo cha mwisho. Na katika faili la chini kila kifaa kiliandikwa kimezimwa; bodi inayokihitaji ndiyo inayosema kiwashwe. Nilimuuliza kwa nini tusiwashe vyote tukamaliza.

"Mtu aombe mwenyewe," akasema. "Ukimwagia asiyeomba, utajuaje nani alikuwa na kiu?"

Kwa majina pia alikuwa mkali. Kifaa kilipaswa kujitambulisha kwa kuanzia jina lake hasa, kisha la jamii yake, ili kerneli ikikosa dereva wa huyo mwenyewe imtafute wa ukoo wake. "Mtu akija bomani anasema yeye ni fulani, mtoto wa fulani, wa ukoo fulani. Haanzi na ukoo. Akianza na ukoo ujue anaficha kitu." Nikiandika kinyume alifuta bila kusema neno, na huo ufutaji wake uliuma kuliko matusi.

Kazi yetu tuliituma pia kwa wakaguzi wa mbali, wale wanaoilinda kerneli yenyewe. Kulikuwa na mmoja, hatukuwahi kuonana, aliyenirudishia marekebisho yangu ya dereva wa saa mara nyingi mpaka nikaanza kumwota. Mara maelezo ya kifaa hayajatangulia dereva wake, mara vifaa havijapangwa kwa kufuata anwani zao, mara sentensi haieleweki. Mimi nilikasirika, Mzee Guyo alifurahi kama aliyeletewa posa. "Huyu anatupenda," akasema. "Angekuwa hatupendi angekubali ya kwanza." Leo nikimpitia mtu kazi yake namkumbuka yule bwana, au bibi, sijui, na namshukuru kwa moyo wote.

Sasa nifike Kulamawe.

Chipu tuliyoizoea iliacha kutengenezwa, tukaletewa ndugu yake mpya, na sanduku la kwanza lenye chipu hiyo lilipelekwa Kulamawe. Mwangalizi wa pampu kule alikuwa Mama Qabale, mjane mwenye sauti ya kuita ngamia walio ng'ambo ya mlima. Wanakamati wa maji hawakulitaka sanduku. Walikuwa na injini ya dizeli, kuukuu kweli, lakini wakiujua ugonjwa wake. Mama Qabale ndiye aliyesimama mkutanoni akawabishia wanaume mpaka wakakubali, na akasema mbele ya watu kwamba likishindwa yeye mwenyewe atalibeba kichwani alirudishe Isiolo. Kilikuwa kiangazi. Mifugo ilikuwa imeanza kumiminika kutoka kila upande.

Sanduku likafa. Tukaenda mimi na Mzee Guyo, nikachomeka waya wa mazungumzo, ule unaoiunganisha laptopu na bodi ili tuone kerneli inasema nini, nikaliwasha upya: pampu ikaimba. Tukaangalia namba, zote nzuri. Tukaletewa chai ya maziwa ya ngamia, tukanywa huku tukitazama namba. Tukaondoka. Hatujafika mjini, simu ikalia. Limekufa tena. Tukarudi siku nyingine, likapona mbele ya macho yetu, tukaondoka, likafa. Nyinyi mnaocheka, ngojeni liwapate.

Mara ya tatu Mama Qabale alitupokea amejishika kiuno.

"Salaam aleikum, Mama," akasema Mzee Guyo.

"Aleikum salaam. Mmekuja kuponya mgonjwa wenu? Hii kitu inapenda wageni. Mkikuja inaimba, mkienda inakufa. Sasa mnataka nifanye nini? Niolewe na fundi ndio akae hapa?"

Watu wakacheka, mimi pia. Yeye hakucheka. Akamvuta Mzee Guyo kando, lakini sauti yake haikujua mambo ya kando. "Guyo, wamesema ikikufa tena inatoka na injini inarudi. Dizeli lori italeta lini, hakuna mtu anajua. Na mimi sitaongea tena kwa ile mkutano, hata nikiona moto inakuja sitaongea, kwa sababu nani atasikia?"

Tukashika njia ya kurudi. Mzee Guyo akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nikamwambia methali hiyo hata sisi kwetu Meru tunayo. Akasema, "Basi tumtafute mgeni ni nani."

Mwenye karakana alitaka jambo liishe siku hiyo hiyo, na njia ya mkato ilikuwepo: kuna neno moja unaiambia kerneli inapoamka, nayo inaacha saa zote wazi, zenye mwenyewe na zisizo na mwenyewe. Mimi nililipendekeza, sioni haya, kwa sababu nilikuwa namfikiria Mama Qabale. Mzee Guyo akatikisa kichwa. "Hiyo ni kufungua maji ya birika zote halafu ulale. Betri haitaona asubuhi. Na kiu tutakuwa hatujaijua ni ya nani."

Akaweka sanduku la aina ile ile mezani, akafunga balbu mahali pa pampu, kama tulivyozoea kujaribu. Likawaka vizuri. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulifanya: akachomoa waya wa mazungumzo, akatuambia tutoke nje wote. Tulikaa kwenye marobota ya nyasi kama watu waliofungiwa nyumba. Tuliporudi balbu ilikuwa imezimika. Akachomeka waya, akawasha upya, ikawaka. Mzee Guyo alicheka mpaka akavua miwani.

Hapo ndipo nilipoiona desturi yetu ilivyotuficha ukweli. Karakanani masanduku yalilala na waya siku zote, maana nani atake kufanya kazi kipofu? Kisimani tulichomoa waya mwisho kabisa, chai imekwisha, mguu mmoja garini, kwa sababu si adabu kugeuka na kufungasha vyombo huku mwenyeji bado anamimina. Mlango wa mazungumzo, yaani sehemu ya chipu inayoupokea waya huo, nao ulikuwa haulali papo hapo waya ukichomolewa. Tuliutengeneza ungoje kidogo kwanza, kisha ulale kuokoa betri. Kwa hiyo sanduku lilikuwa hai muda wote tuliokuwa tukilitazama, na lilikufa vumbi la gari letu likishatua.

Ila sasa, unamtazamaje mgonjwa anayepona kwa kutazamwa? Nilishika ncha za osiloskopu, kile chombo kinachochora mapigo ya umeme, nikazigusisha kwenye mstari unaotoka kwenye chipu kwenda kwa kiendesha pampu. Waya ulipotoka, mapigo yakaendelea kidogo, kisha mstari ukanyooka. Pampu ilikuwa nzima. Ilikuwa tu haisikii amri, na pampu yetu isiposikia amri inajizima kwa usalama. Kerneli huweka hesabu ya kila saa ina watumiaji wangapi. Mzee Guyo akaifundisha bodi ijiandikie hesabu hiyo yenyewe kwenye kadi yake, bila sisi kuwepo. Tukatoka tena kwenye nyasi. Tukarudi, tukasoma kadi.

"Anakunywa wapi?" akaniuliza, kama siku ya kwanza.

Nikafuata kwa kidole kwenye mti. Katika chipu ya zamani, mlango unaoongea na pampu ulihitaji saa moja tu. Katika ndugu yake mpya watengenezaji walikuwa wameigawa: moja ya mdundo wa kazi, nyingine ya kufungua njia ya kerneli kuufikia mlango huo. Maelezo yetu yalitaja ya kwanza peke yake. Ya pili haikuombwa na mtu, isipokuwa jirani yake, mlango wa mazungumzo, aliyekuwa ameiomba kwa haja zake. Wakati jirani yuko macho, birika lilikuwa wazi na pampu ikanywa humo humo. Jirani akilala, aba herega, yaani kerneli, anaona hakuna mwenye zamu, anafunga. Na alikuwa sahihi kufunga.

"Anakunywa kwa jirani," nikasema.

"Muandikie la kwake."

Ikawa mstari mmoja katika mti, na machache katika dereva ili aziombe saa zote mbili kwa majina. Nilistaajabu, na bado nastaajabu, kwamba taabu yote ile ilikuwa na makao madogo hivyo, na kwamba tuliyaona kwa sababu miti yetu ilikuwa imepangwa. Katika yale mafaili ya nakala tungeyatafuta mpaka ngamia waote pembe.

Tukarudi Kulamawe na sanduku lililorekebishwa. Wanakamati walikuwa wamesimama pembeni, na injini ya dizeli ilikuwa tayari imefutwa vumbi. Mama Qabale alikuwa ameandaa birika la chai kama kawaida. Mzee Guyo akaweka sanduku, akaliwasha bila laptopu, bila waya wowote. Pampu ikaanza. Kisha akasema tunaondoka.

"Mnakataa chai yangu?" Mama Qabale akauliza, na watu wakageuka kututazama, kwa maana kule jambo hilo si dogo.

"Mama, leo hatunywi. Tukikaa hapa tutakuwa tunadanganya hii kitu na tunakudanganya wewe. Ikikufa, nipigie. Isipokufa, usinipigie."

Tukaendesha mpaka ng'ambo ya laga, lile korongo kavu la mto, mahali ambapo kisima hakionekani lakini mtandao wa simu bado unashika. Mzee Guyo akaiweka simu juu ya boneti ya gari, akaketi chini kwenye kivuli cha gurudumu, akitazama juu kuielekea. Muda ambao mlango wa mazungumzo ungelala ukapita. Ule ambao kwa kawaida tungekuwa tumeshapigiwa ukapita pia. Kila ndege aliyelia nilidhani ni simu. Mwishowe tukasikia kengele za mbao, na ngamia wakaja wakitokea upande wa kisima, taratibu, shibe imewalegeza, midomo ikichuruzika maji. Kijana wa kundi akatusalimia, akapita. Mzee Guyo akatazama ile michirizi mchangani mpaka ikakauka. Alikuwa analia, na hakujificha. Sijamwona mtu akiipenda simu isiyolia namna ile.

Alipostaafu aliniachia mti wote. Mwanzoni nilimtumia maswali kila nilipokwama, naye akanijibu salamu tu: hujambo, watoto hawajambo, mvua vipi huko. Nilikasirika sana. Nikamwambia mume wangu kwamba mzee amekuwa na maringo. Nikaacha kumuuliza, nikawa nayatafuta majibu mwenyewe, na kwa sehemu kubwa nikayapata. Miti iliongezeka, wakaguzi wa mbali wakaanza kunikubalia mapema zaidi, na siku moja nikagundua muda mrefu umepita bila kuhitaji kumuuliza mtu. Hasira yangu ilikwisha siku hiyo.

Yeye alirudi kwao Kulamawe, akafuga mbuzi. Baada ya kukabidhi kiti kwa Ekai nilipanda gari kwenda kumsalimia. Sanduku bado lipo kisimani, limepauka kwa jua, na Mama Qabale ndiye mwenyekiti wa kamati siku hizi. Wanaume wanainua mkono kabla ya kusema. Tulikaa watatu kwenye mkeka uani kwa Mama Qabale, naye akatumiminia ile chai yake.

Simu yangu ikalia. Ekai. Nikaipokea haraka kuliko inavyompasa mtu mzima. Akaniuliza habari za safari, akaniambia wote hawajambo, wamemaliza mti wa bodi mpya na wameutuma kwa wakaguzi. Nikangoja. Akasema basi, Mama, nilitaka tu kukusalimia. Akakata.

"Ameuliza nini?" Mzee Guyo akasema.

"Hajauliza kitu. Amesalimia tu."

Nikabaki nimeishika simu. Nilitamani kwa moyo wote angeniuliza hata jambo dogo, hata lile analolijua. Mzee Guyo akanisogezea kikombe.

"Inauma, sivyo? Wewe ulipoacha kuniuliza, mimi pia iliniuma."

"Inauma sana, Mzee."

"Basi inafanya kazi," akasema.